Plasta ya Jamaludin

Swafiya! Ameivunja plasta! Kaka yangu Jamaludin, kwa mikono yake mwenyewe, kwa kisu cha kuparia samaki!

Nilikuwa jikoni, nikasikia mkwaruzo, nikadhani paka. Kuingia ukumbini, mguu umo ndani ya beseni, vipande vyeupe vinaelea.

"Jamaludin, wafanya nini?"

Akanijibu taratibu kabisa: "Natawadha. Leo Ijumaa. Maji hayajafika kwenye kifundo tangu nilipoanguka ngazini."

Hayajafika kwenye kifundo! Na daktari alimwambia mbele yetu, nawe ulisikia: mfupa ukihama kabla haujaunga, mguu huu hutaukanyagia tena.

Kifundo kimefura, kimeelekea upande. Nimekigusa, kinacheza kama mlango uliong'oka bawaba. Na daktari keshasafiri kwenda Mombasa! Nifanye nini mimi, Swafiya?

Nimemwita Maalim Abdulghafur. Kaangalia beseni, kashika kichwa. "Bwana Jamaludin, si ungepangusa juu ya plasta, kisha ukatayamamu kwa vumbi? Dini ni nyepesi."

Hakujua! Miaka yote hii anakaa safu ya mbele, na kumbe kaona haya kuuliza.

Nitampa mwenye punda karatasi hizi, zisome huku unakuja. Lete vibao na vitambaa tukifunge kifundo kisizidi kuhama. Njoo, nakuomba!

Adhana hiyo, inaadhiniwa. Kajaribu kusimama, kaniangukia mikononi.

Udhu anao, Swafiya. Mguu wa kusimamia hana.