Suruali ya Kaporali kwenye Bariyeri ya Yoba

Yoba, Gitega
Jumapili, baada ya alasiri

Mama Zaituni, mke wangu,

Amani iwe juu yako na juu ya watoto wetu, na Mungu azifikishe salamu hizi mkiwa mmekaa pamoja na mmeshiba. Kabla hujaendelea kusoma, mpapase Zaituni kichwa kwa niaba yangu, na Idi umfinye shavu, ila si kwa nguvu kama unavyonifinya mimi ukikasirika. Kifua cha mama mkwe kinaendeleaje? Baridi ya asubuhi ya Muyinga haimfai hata kidogo, na najua bado anaamka kufagia uwanja kabla ya jua wala hasikii la mtu.

Mimi ni mzima. Nalisema mapema na nalisema tena: ni mzima, mikono miwili, miguu miwili, na mchana huu nimekula wali na maharage. Nasema hivyo kwa sababu najua habari imekufikia kabla ya barua. Yule dereva wa lori anayechukua maharage Gasorwe alipita hapa Alhamisi, akaniona nimekaa chini kando ya bariyeri bila viatu, na mdomo wake unaujua. Nasikia huko Muyinga nimeshauawa, tena nilikutwa na gunia zima la sare za waasi. Halikuwa gunia. Ilikuwa suruali moja, na mwenyewe hakuwa mwasi. Kaa chini nikueleze, na ukifika mahali pa kutisha kumbuka kwamba anayekuandikia ameshiba.

Mara ya mwisho uliniuliza, na hukuficha kwamba umechoka kuuliza: tuje au tusije? Nikakujibu subiri. Ukanuna, na ulikuwa na haki ya kununa, maana hujanioa mimi ili ukae kwa mama yako. (Najua, ni mimi niliyekuoa, lakini wewe ndiye uliyepanga kila kitu.) Sababu ya kusema subiri ilikuwa bariyeri hiyo hiyo.

Ni mti wa mkaratusi uliolazwa juu ya mapipa mawili, pale mtu anapoingia Yoba akitoka mjini. Gari zinasimamishwa, baiskeli zinasimamishwa, hata mwanamke mwenye kapu la mihogo kichwani anasimamishwa. Wanaosimamisha ni majandarme, askari wa serikali, na asubuhi na jioni wengine wao hupita mitaani kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, bunduki begani. Kila jioni nikirudi kutoka sokoni naulizwa, "We unaenda wapi?" Nami hujibu, "Naenda kulala." Siwezi kusema naenda nyumbani. Chumba chenye mkeka mmoja na sufuria moja si nyumba, Mama Zaituni, na hilo nalisema bila haya.

Kibarazani sokoni ninaposhonea, habari za bariyeri ndizo chakula chetu cha mchana. Mzee Sudi, mwenye nyumba ninayopanga, aliyekuwa dereva wa malori enzi za amani, haipendi kabisa. Huja kukaa kwenye benchi la wateja, asishonwe chochote, na kuanza: "Mi nimepita hii barabara maisha yangu yote, hakuna mtu aliniuliza jina ya baba yangu. Sasa naulizwa na mtoto iko sawa na mjukuu wangu! Bariyeri iko ya kula tu, sha. Angalia tumbo zao."

Anayemjibu siku zote ni Mama Furaha, Mkongomani wa Uvira anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani, karibu na mimi. Alikimbia vita ya kwao na watoto wake, na kwa hilo hana mchezo. "We Mzee, acha. Kule kwetu hakukuwa bariyeri, hakukuwa muntu wa kuuliza. Banakuya tu, banabeba, banaenda. Miye, muntu akiniuliza naenda wapi, nasema merci. Nimefika mahali kuko mwenye kuuliza."

"Akikuuliza halafu asikurudishe?"

"Bon, hiyo ni kitu ingine."

Hapo wote tunamfikiria kijana mmoja fundi baiskeli wa nyumba ya nyuma yetu. Alichukuliwa kwenye msako kwa sababu karata yake ya kitambulisho ilikuwa imeloa mvua na picha haionekani. Alirudi, lakini mpaka leo haongei na watu. Mimi nilikuwa katikati yao. Tangu majandarme waanze kupita, milio ya risasi imepungua upande wetu na maduka hayafungwi tena saa tisa. Hapo naipenda bariyeri. Nikimwona yule kijana amekaa mlangoni, naichukia. Nisingeweza kukuleta wewe na watoto mpite mbele ya bunduki kila mkienda kuteka maji, wakati mimi mwenyewe sijui nawaza nini.

Sasa suruali. Kuna kaporali mmoja wa pale bariyerini, anaitwa Melkiori, mtu wa Buraza, mpole kuliko bunduki yake. Mwanzoni mwa wiki alikuja kibarazani na koti la mvua hali jua linawaka, akatoa chini yake suruali ya sare. "Fundi, inanibana. Panua kidogo kiuno, lakini kimya kimya. Sare haitoki kituoni. Mkubwa akijua, mi niko na shida." Nikaipokea. Mzee Sudi alikuwa kwenye benchi lake, na kaporali alipoondoka alicheka hadi akakohoa. "Si nilisema? Iko mishikaki, brosheti za bariyeri hizo! Watu wananunulia yeye, tumbo inafika mbele yake!"

Na hapa ndipo nilipofanya ujinga ambao ni fundi wa Muyinga tu angeufanya. Unajua mwalimu wangu Fundi Kasimu alivyonilea: nguo ya mtu hailali kwa fundi usiku wa kuamkia Ijumaa. Alhamisi mchana unafungasha, unazunguka mwenyewe nyumba kwa nyumba, ili kesho mtu aende msikitini na nguo yake safi. Sifikirii tena kanuni hiyo, Alhamisi ikifika mikono inakunja yenyewe. Basi nikakunja kanzu za watu wa Yoba, nikakunja suruali ya kaporali pamoja nazo, nikafunga yote ndani ya kile kitenge chako cha maua ya manjano, nikashika njia. Haikunijia hata mara moja kwamba kaporali ni Mkristo, na Ijumaa yake ni siku ya kusimama bariyerini kama siku nyingine. Angeweza kuifuata mwenyewe Jumatatu chini ya koti lake, na hakuna ambaye angejua.

Hatua chache kabla ya bariyeri nikakutana na doria ya watu nisiowajua, wageni walioletwa wiki hiyo. "Hapo! Weka chini. Fungua." Nikafungua. Kanzu ya kwanza, kanzu ya pili, na wao wanakunjua moja moja. Nakuapia, nilikumbuka suruali wakati ule ule ambao mkono wa mmoja wao uliigusa. Jandarme akaiinua juu, kila mtu barabarani akaiona.

"Hii iko nini?"

"Suruali ya mteja."

"Mteja gani?"

Unajua vizuri raia akikutwa na sare siku hizi watu wanafikiri nini. Nikimtaja kaporali, namtia matatani mtu aliyeniamini. Nisipomtaja, nimekwisha mimi. Niliambiwa nivue viatu na nikae chini, mikono kichwani. Lori la maharage lilikuwa limesimamishwa hapo hapo, na ndipo dereva wako aliponiona. Nilikufikiria wewe. Nilifikiri, nimemwambia asubiri, na sasa nimemfanya asubiri bure. Hilo ndilo lililoniuma kuliko bunduki.

Watu walianza kusimama mbali mbali. Mama Furaha aliacha ndagala zake sokoni akaja mbio, akasimama karibu kuliko wote. "Huyu ni fundi! Fundi tu! Namujua!" Wakamwambia arudi nyuma, akarudi hatua moja. Mzee Sudi naye alifika, wala hakusema neno, na Mzee Sudi asiposema neno ujue mambo ni mabaya.

Akaitwa mkubwa wa kituo. Mtu mfupi, sauti ya chini. Akaipindua suruali, akaangalia, akawauliza watu wake wote waliokuwa pale: "Hii suruali iko ya nani?"

Kaporali Melkiori alikuwa upande wa pili wa lori, anakagua karata za abiria. Nilimwona miguu tu, chini ya lori. Miguu ile ilisimama. Mama Zaituni, angeweza kukaa kule kule. Lori lilikuwa refu, na mimi nilikuwa sijasema jina. Nikaiona miguu inazunguka gurudumu, inakuja.

"Mkubwa, iko ya kwangu. Mi nilimpa apanue."

"Ulitoa sare nje?"

"Ego, ndiyo mkubwa. Ilikuwa inanibana."

Mkubwa akamwangalia, akaniangalia, akamtupia suruali. "Vaa."

"Hapa?"

"Hapa."

Kaporali akaingia nyuma ya pipa, akatoka ameivaa. Nikuambie ukweli, pamoja na hofu yote niliyokuwa nayo, jicho la fundi halilali: nilitazama kiuno. Ilikaa vizuri kabisa, haikubana wala haikulegea. Alama ya mshono wa zamani ilionekana pale pale, na kila mtu aliweza kuona kaporali alikuwa mwembamba kiasi gani siku alipopewa sare, na bariyeri imemfikisha wapi. Mzee Sudi hakuweza kujizuia. "Yoo, brosheti!" akasema kwa sauti, mbele ya mkubwa, mbele ya bunduki. Nikafumba macho.

Halafu nikasikia mkubwa anacheka. Alicheka kwanza puani, kisha kwa mdomo, na wale wageni wakacheka baada yake, na abiria wa lori, na Mama Furaha akalia na kucheka pamoja. Nikaambiwa nivae viatu. Nilivaa cha kulia mguu wa kushoto. Mkubwa akaniambia, "Fundi, siku ingine, sare inashonewa kituoni. Unaleta sindano yako, si sisi tunaleta suruali." Nikasema ndiyo. Hata angeniambia nishonee mbinguni ningesema ndiyo.

Kaporali hakuachwa hivi hivi. Amenyimwa mapumziko, anasimama bariyerini asubuhi mpaka jioni, na hatakwenda kwao Buraza kwa sasa. Nilimfuata kesho yake kumwomba radhi. Akaniuliza jambo moja tu: "Mais fundi, lakini mbona uliileta Alhamisi?" Nikamweleza Ijumaa yetu na Fundi Kasimu. Akatikisa kichwa. "Kumbe umenihesabu Mwislamu," akasema, na akaniacha nipite.

Usidhani sasa naisifu bariyeri. Yule kijana fundi baiskeli bado amekaa mlangoni, na siku ile ningeweza kukaa karibu naye, au nisikae popote. Mzee Sudi mwenyewe hajabadilisha hata neno moja, bado anasema ni ya kula tu. Lakini jana nilimwona anapeleka birika la chai bariyerini, analalamika njia nzima, akamimina kikombe cha kwanza akampa Melkiori. Mama Furaha alimwuliza, "Mzee, nawe unalisha tumbo?" Akajibu kwamba chai haina mafuta. Mimi ninachokijua sasa ni kwamba kati ya wale wanaosimama pale yupo mmoja aliyezunguka gurudumu la lori. Kwa miaka hii tunayoishi, hicho kinanitosha kulala usingizi. Na ndiyo, nimelala. Tangu Alhamisi nalala kama Idi, mdomo wazi.

Kwa hiyo njoo. Njooni. Nimesema.

Mzee Sudi amenipa chumba cha pili, akisema kelele za watoto zitamfichia kelele za bariyeri. Safiri na magari yanayosindikizwa na askari, yapitayo Karuzi, usikubali gari la mtu anayesema anajua njia ya mkato. Karata yako uiweke mkononi, si chini ya mzigo. Ule mkoba wa kijani wa Zaituni mwachie binamu yake, rangi yake kama ya sare siipendi tena. Kitenge cha manjano ninacho, kimefuliwa.

Mama mkwe msalimie sana, mwambie nampa likizo ya kufagia uwanja. Kaka yako muuza samaki mwambie deni la utani liko pale pale. Ndugu yangu wa Gasorwe akishuka sokoni, mhakikishie kwamba sijafa, atafurahi kidogo. Na Fundi Kasimu, mbusu mikono. Mwambie kanuni yake ya Alhamisi ilikaribia kunizika, lakini sijaiacha, ila sasa kwanza namwuliza mteja anaswali wapi.

Mkifika bariyerini mtasimamishwa, usiogope. Mtu mnene kidogo, suruali imemkaa vizuri, atakuuliza unaenda wapi. Nimeshamwambia mke wangu ni mrefu na binti yangu hana meno ya mbele, lakini atakuuliza tu, ndiyo kazi yake. Mwambie, "Naenda nyumbani." Lisikike vizuri, ili jioni nikitoka sokoni nami aniulize, nimjibu hivyo hivyo.

Mumeo anayewangoja,
Baba Zaituni