Dawa ya Mshipa Gani?

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kama utacheka basi subiri nimalize. Mimi ni fundi cherehani, mwanamke, miezi mitano iliyopita kioo cha dirisha kilinikata kifundo cha mkono wa kulia, hospitali wakanishona, daktari akasema mshipa wa fahamu ulikatika na wameuunganisha, nirudi kila wiki kwa mazoezi, lakini kule nilikuwa namba tu kwenye benchi, nikaacha, nikaenda kwa Bi Mizizi, muuza mitishamba, nikamwambia mshipa unanisumbua, akanipa chupa ya dawa, na nilipomtajia ganzi ya vidole, kila Jumanne ananikanda kwa maji moto ya majani huku akinisimulia vituko vya wajukuu wake, na mimi tangu dada yangu aolewe mbali nakula peke yangu, nawashika wateja mabega na viuno kuwapima, lakini mimi hanishiki mtu ila yeye. Juzi mteja akasoma karatasi ya chupa, ambayo mimi sikuwahi kuiangalia: “Mshipa. Wanaume. Hutibu ngiri.” Miezi mitatu nakunywa dawa ya ngiri. Tena Jumanne hii maji yalinibabua vidole viwili bila mimi kuhisi, nikaona malengelenge tu. Mkasi bado unaniponyoka. Nikimwambia ukweli sitakuwa na sababu ya kwenda kwake tena. Nifanyeje?

Fundi wa Mkono Mmoja

Fundi, nilicheka, kisha nikaacha. Pole sana dada yangu.

Lakini wewe nawe. Kuna mshipa wa damu, wa fahamu, na huo wa ngiri, nawe ukaenda na neno tupu. Mwenzako angejuaje? Hakuna majani yaliyothibitishwa kuotesha mshipa wa fahamu wa binadamu. Yapo yanayochunguzwa, ila kuchunguzwa si kuponya. Mshipa huo huota wenyewe, kama milimita moja kwa siku, na vidole visiponyooshwa vinakakamaa kabla haujafika. Kwa hiyo acha hiyo chupa leo. Kesho ipeleke kwa daktari pamoja na hayo malengelenge, uombe kurudi kwenye mazoezi, benchi au hakuna benchi. Maji yapime kwa mkono wa kushoto, ulio mzima.

Jumanne nenda kwa Bi Mizizi, umweleze kosa la neno lile. Huenda akanuna, mwache anune. Akikuuliza sasa umefuata dawa gani, usijitafutie ugonjwa mwingine. Mwambie umekuja kukaa naye.