Nimemwokoa Mama Mwenye Nyumba Bila Yeye Kujua

Mpendwa mshauri Bi Dama, nakuamkia kwa heshima na naomba unisaidie upesi, kwa sababu Jumamosi iko karibu.

Mimi ni dada wa miaka ishirini na sita, kwetu ni Machakos, nafanya kazi ya kufua na kukunja mashuka katika hoteli moja hapa Diani, na nimepanga chumba Ukunda kwa mama mmoja wa Kidigo nitakayemwita Bi Maimuna, ambaye kwangu amekuwa mzazi, maana katika zile ghasia za mwaka juzi, watu wa bara tulipokuwa tunakimbia, yeye alinivika buibui lake akanikalisha chumbani mwake siku tatu, na mwanawe Alfani, ambaye ni mwalimu wa madrasa, akakaa mlangoni akiwaambia waliouliza kwamba humu hamna mgeni.

Sasa kanisani kwetu mchungaji ametugawia kadi za mavuno, kila mtu ajaze jina la mtu aliyemhubiria akaokoka, mahali anapoishi, tarehe, na ishara iliyoonekana, na kila Jumapili wenye kadi tupu tunasimamishwa tuombewe ujasiri, nami nimesimama Jumapili saba mfululizo mpaka watoto wa shule ya Jumapili wananijua. Si kwamba sitaki, Bi Dama, amri ya kwenda kuhubiri naijua, Yesu nampenda na huyu mama nampenda, lakini kila nikikaa naye nikitaka kuanza, mdomo unatoa habari za maji ya mfereji. Basi Jumapili ya nane nikaandika jina lake. Tarehe niliweka ya jana yake, na kwenye ishara nikaandika “alilia,” jambo ambalo ni kweli, alikuwa anakata vitunguu vya pilau.

Nilidhani kadi zinawekwa kabatini. Kumbe mchungaji alilisoma jina lile mbele ya kanisa zima, akasema hii ndiyo nafsi ya kwanza ya mtaa ule, na Jumamosi saa nne kwaya yote itakuja uani kwa Bi Maimuna na jenereta na vipaza sauti kumpongeza, na mimi ndiye wa kutoa utangulizi. Bi Dama, mtaa mzima utasikia kwamba mama ameritadi, Alfani atauweka wapi uso wake mbele ya wazazi wa watoto anaowafundisha, na yule mama ataniona mimi ni mtu wa aina gani? Nimejaribu kumshawishi Jumamosi aende Mkwiro kumtazama dadake, ili kwaya ikute mlango umefungwa, akaniambia, “Esha si alikuwa hapa juzi? Nikamtazame nini tena? Jumamosi n’takupikia wali wa nazi, mwanangu, umekonda.” Je, nijifanye mgonjwa? Au nimwambie mchungaji kwamba mama amerudi nyuma?

Ni mimi, Mkunja Mashuka, Ukunda.

*

Dada mkunja mashuka,

Majina nimeyageuza yote. Gazeti hili linatoka Alhamisi, kwa hivyo una leo na kesho. Habari ya kujifanya mgonjwa iache, kwaya itakuja kukuombea papo hapo uani. Wala usimwambie mchungaji kwamba mama amerudi nyuma. Umemwokoa bila kumwuliza, sasa unataka kumrudisha nyuma bila kumwuliza?

Nakuhurumia. Kusimamishwa Jumapili saba mbele ya watu ni aibu, na mchungaji anayehesabu nafsi kwa kadi asishangae kuletewa za uongo. Mimi mwenyewe ni mtu wa kanisa, sikukatazi kuhubiri. Lakini wewe hukuhubiri. Ulimtazama mzazi wako akikata kitunguu, ukachukua jina lake ukaliandika. Huyu alijua wewe ni Mkristo siku ile alipokuvika buibui lake, wala hakwenda kumwambia imamu kwamba umesilimu.

Leo ukitoka kazini nenda kwa mchungaji kabla hujafika nyumbani, mwambie neno moja, “Nilidanganya,” uombe kadi yako uichane mbele yake. Akisema kwaya imeshajiandaa, mwambie ikaimbe kanisani. Akikataa kabisa, nenda kwa wazee wa kanisa leo hii hii. Usiondoke bila neno la hakika kwamba Jumamosi hakuna atakayekuja.

Kisha nenda nyumbani, mwamkie Bi Maimuna, kaa chini, umweleze yote, hata vitunguu. Najua utajiambia kwamba kadi imeshachanwa, ya nini kumsumbua mama wa watu. Jina ni lake, na kanisa zima limeshalisikia. Afadhali habari hii aipate kwako kuliko sokoni. Atakasirika. Alfani naye ana haki ya kukasirika, mwache aseme mpaka amalize. Wakikwambia uhame, funga virago vyako, washukuru kwa waliyokutendea, na usijitetee.

Lakini huenda mama akakuuliza kwa nini umekuja kujishtaki mwenyewe kwa jambo ambalo ungeweza kulificha. Hilo, dada yangu, ni swali la imani yako, na atakuwa ameliuliza kwa kinywa chake. Mjibu kwa ufupi. Mwambie ni nani aliyekufundisha kutubu.

Bi Dama