Kimya cha Upande wa Pili

Shikamoo Bi Kahonzi. Nayasoma majibu yako kila Ijumaa shemeji yangu aletapo gazeti, na humu nyumbani wenzangu huwacheka wanaokuandikia, nami nilikuwa nikicheka nao, lakini leo zamu ni yangu, nakuomba unifikirie na jina langu ulibane.

Mimi ni mwanamke wa mtaa wa Barani, hapa Malindi, ingawa asili yetu ni Pate. Mume wangu, nitamwita Jaafar, si jina lake, yuko Jedda anaendesha lori, na mimi nakaa kwao pamoja na mama mkwe wangu, shemeji yangu na wifi yangu ambaye nitamwita Batuli. Nyumba imejaa watu, hata chakula twala kwa sinia mbili, lakini wallahi naamka na kulala nikijiona kama mgeni aliyepitiwa na wenyeji wake wakasahau kuja kumchukua.

Jaafar haandiki, hutuma kaseti. Huja na watu wanaorudi, imeviringwa ndani ya kikoi pamoja na makopo ya maziwa, na kwa kuwa redio kaseti ni moja na iko ukumbini karibu na kiti cha mama, sote hukaa tukaisikiliza. Humsalimu mama, humsalimu kila mtu kwa jina lake, na mimi huwa wa mwisho, "na wa kwangu nampa salamu," basi. Nasi tukimjibu huwa vivyo hivyo, mama huanza, kisha shemeji, kisha Batuli na vituko vyake, mimi napewa redio kanda ikikaribia kwisha na macho yote yako kwangu, nasema sisi wazima, usiwe na wasiwasi. Mambo ya mke na mume utayasemaje mbele ya mama yake?

Ndipo tukafanya hila. Kabla ya kusafiri mara ya mwisho aliniambia, upande wa pili, nikishaaga, usiizime, iache izunguke. Na kweli, akishaaga huwa kimya kirefu, wenzangu huinuka wakaenda zao wakidhani imekwisha, kisha sauti yake hurudi, na sasa yasema na mimi peke yangu. Mimi huizima wakiinuka, hungoja nyumba iwe tupu, mama amekwenda hitima na Batuli yuko kwa fundi cherehani, nikaweka sikio kwenye spika nikaisikiliza kwa sauti ndogo kabisa. Maneno yenyewe si makubwa. Huniuliza nimekula nini. Aliwahi kuniambia chumba chao hakina dirisha, na kwamba akifumba macho anasikia ninavyofagia ua. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakinishika, Bi Kahonzi, sina kingine.

Kaseti ya mwezi wa Rajabu ilikuja mtaani kuna arusi na nyumba haikutulia hata kidogo, nikajiambia nitaisikiliza arusi ikipita. Batuli akaibeba redio kwenda kurekodi vugo, ile ngoma ya pembe ya kina mama, na kwa kuwa hakuwa na kanda mpya akachukua ile ile, kwani upande wa pili, baada ya kaka yake kuaga, aliuona mtupu. Hakufanya kwa ubaya. Mimi mwenyewe nilikuweko, nikipiga pembe na kuimba mbele ya redio hiyo, nacheka, sijui ndani yake mna kaseti gani.

Nilipopata nafasi nikaiweka, Jaafar akaaga, nikangoja kimya chetu. Nikasikia pembe. Kisha nikasikia sauti yangu mwenyewe ikiimba juu ya maneno ya mume wangu. Nikaisikiliza mpaka mwisho huku nalia, na pale vugo lilipokatika palikuwa pamebaki kipande kidogo, asema, "...basi nangoja neno lako." Ni hayo tu.

Juzi imekuja nyingine. Safari hii amesema mbele ya wote, "Na wewe, lile nililokuuliza hukunijibu. Ukinyamaza tena nitajua umeridhia." Ukumbi mzima ukanigeukia. Mama akaniuliza, "Lipi hilo, mwanangu?" Nikasema, "Ni mambo ya vitambaa tu, mama." Batuli akacheka. Upande wa pili hamkuwa na kitu, nilisikiliza mpaka redio ikajizima yenyewe.

Sasa nitakuwa nimeridhia nini? Pengine ataka kuoa mke mwingine huko. Pengine ataka kutia saini akae miaka mingine. Pengine ataka nimfuate, na hilo ndilo ninaloliomba kila nikiswali. Nikimuuliza kwenye kaseti, nyumba nzima itajua tulikuwa tukiwaficha, na mama ataona namtenga na mwanawe. Nikinyamaza, ameshasema atakavyonihesabu. Msafiri aondoka mwisho wa mwezi na kaseti yetu. Nizifiche wapi kaseti zangu, Bi Kahonzi, na nimjibuje mtu swali nisilolisikia? Sina wa kumwambia ila wewe.

Mpweke,
Barani, Malindi

BI KAHONZI AJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimekusoma mara mbili, na mara ya pili chai yangu ilipoa. Kukaa kati ya watu na usiwe na wa kusema naye ni upweke mbaya sana, nakuonea huruma, na nimelitanguliza hilo kwa sababu yanayofuata si matamu.

Wewe na mumeo mmeficha vizuri mno. Mliyaficha maneno yenu mpaka yakafanana na kanda tupu, kisha mwashangaa akitokea mtu akaitumia kama kanda tupu. Batuli angejuaje? Lakini na wewe Batuli, kwa kuwa nina hakika gazeti hili utalisoma kabla ya wifi yako, acha kucheka. Kaseti iliyotoka kwa mume wa mtu huulizwa kwanza.

Haya. Waniuliza Jaafar aliuliza nini. Sijui, na wewe hujui, ila naona umeshamwoza mke huko Jedda na umebakisha kumtandikia kitanda tu. Mwache kwanza huyo mwanamke, hatujamwona bado.

Nenda kwa mama mkwe wako mchana, akiwa ametulia, umwambie: "Mama, Jaafar ana maneno yake na mimi, namwomba awe ananirekodia kaseti yangu mbali." Usiongeze neno. Mama huyo naye alikuwa mke wa mtu. Mume kuzungumza na mkewe si siri, siri ni maneno yenyewe, na hayo ndiyo ya kufungiwa. Kaseti ikija ina jina lako juu, ipokee mbele ya watu, kisha tazama mgongoni mwake, utaona vipande viwili vidogo vya plastiki. Vivunje kwa ncha ya kisu. Ukishavivunja, kitufe cha kurekodi hakishuki tena. Mjuzi ataziba pale kwa plasta, lakini huyo hatasema hakujua. Halafu iweke kwenye sanduku lako la nguo na ufunguo uufunge kwenye leso. Na redio uiombe alasiri moja, kwa mdomo, kama mtu wa nyumba hiyo, maana ndivyo ulivyo.

Kubwa zaidi ni huko kunyamaza. Mimi ni Mgiriama wa Vitengeni, arusi zenu nimezijulia ukubwani, lakini najua walipokuja kukuuliza nyuma ya pazia ulijifunika ukanyamaza, wakatoka wakasema amekubali. Jaafar alikupata kwa kimya, ndiyo maana mpaka leo anakihesabu. Wakati ule ulikuwa mwari. Sasa ni mke, na mbali alipo uso wako hauoni.

Wasema Jaafar haandiki. Sikuona mahali uliposema hasomi. Mimi umeniandikia kurasa nne, ukanunua stempu, ukaenda posta, na mimi hunijui hata sura! Anwani huna haja nayo. Andika leo, umpe msafiri mkononi kabla hajaondoka. Usimlaumu dadake, usimtajie uliyoyawaza, wala usiseme sisi wazima. Mwandikie hivi: Sikukusikia, mume wangu. Niulize tena.