Uzi wa Kumpimia Tekla

Mkonze, Dodoma
Mwezi wa nane

Kaka Benedicto,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ulitangulia kuzaliwa, siyo kwa sababu hasira imeniisha. Mama hajambo? Magoti yake yamepata nafuu kiangazi hiki? Na Tekla wangu, kile kikohozi kimekwisha, au bado mnampa maji ya moto na kusema kitaondoka chenyewe? Mimi mzima. Nimechubuka kifundo cha mguu wa kulia tu. Nitakueleza, maana ukisikia kwa mtu mwingine utatangaza Kasulu nzima kwamba nimevunjika.

Barua yako nimeisoma mara nne. Unasema mwanamke anayejitupa kutoka kwenye ndege hana akili ya kulea, na kwamba Januari utamwandikisha Tekla darasa la kwanza hapo hapo, kwa jina lako. Kwa jina lako, kaka! Baba yake alipokwenda Mererani kuchimba mawe asiandike hata mstari, mbona hukumwandikia barua kama hii? Ulisema wanaume wanahangaika. Mimi nikihangaika, nanyang'anywa mtoto.

Sasa nisikilize, maana kazi yangu unaitukana lakini hujawahi kuniuliza ikoje.

Afande Yona alikuwa askari wa miamvuli. Jeshi lilipowapunguza, yeye na wenzake wakafungua kampuni, siku hizi kila mtu anaruhusiwa. Wenye sabuni mpya za unga wanawalipa waruke na bendera yao ili watu wajae kuangalia. Mimi niliajiriwa kushona. Baadaye nikafundishwa kukunja miamvuli. Na wao wana desturi yao: anayekunja naye sharti aruke, na siku yoyote anaweza kuambiwa, "Huu uliokunja, ruka nao wewe." Basi huwezi kukunja kwa uvivu. Ndivyo nilivyoanza. Nimeruka mara thelathini na nne, na mara zote thelathini na nne nimerudi chumbani kwangu nikapika ugali.

Mwezi uliopita Afande akasema nimefika mahali pa kuwa na mwamvuli wangu mmoja niuzoee. Ilikuwapo miwili, mitumba kutoka kwa wazungu. Yote ya buluu na nyeupe, yote ya pembe nne kama godoro, na kile kitambaa kidogo kilichoshonewa pembeni kina namba ileile ya ukubwa. Masudi, ambaye alikuwa na Afande jeshini, akaniambia, "Mama Tekla, funga macho uchukue wowote. Hao ni mapacha."

Mimi sikufunga macho. Niliitandaza kwenye turubai, mmoja juu ya mwingine, kama ninavyolaza kitambaa cha gauni juu ya gauni la mfano kabla sijakata. Katikati ililingana. Kwenye ncha, mmoja ulipungua shubiri nzima kila upande. Umechongwa. Nikapima tena, ikawa vilevile.

Masudi akacheka. "Namba umeiona? Ni moja. Au huko kwenu hamsomi namba?"

"Namba imeandikwa na mtu," nikamwambia. "Shubiri ni yangu."

Nikamwita Afande. Alichuchumaa, akapitisha kidole ukingoni. Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha kwamba mwamvuli uliochongwa ncha una hasira: wa kawaida ukivuta kamba kidogo unageuka taratibu, huo ukivuta kidogo unageuka na kukupeleka chini kwa kasi, na ukifanya hivyo karibu na ardhi, miguu inakwenda. Akasema, "Ni kweli, umechongwa. Lakini Masudi ameruka nao, na yuko hai."

"Masudi ameruka miaka kumi na miwili," nikasema. "Mimi nachukua huu wa mstatili."

Basi nikawa kichekesho. Bwana wa sabuni alikuwa amekuja, akasema huyo mama apewe ule uliochongwa, una mng'aro, utatoka vizuri kwenye picha. Nikakataa. Masudi akauchukua yeye, akaanza kuniita Mama Godoro.

Usifikiri sikuutamani, kaka. Nilipomwona Masudi anavyoupindisha angani kama mtu anayecheza, moyo uliniuma.

Siku ya onyesho tulirukia uwanja wa vumbi upande wa Hombolo. Unaujua upepo wa huku? Huujui. Kiangazi unaamka na jua, saa nne tayari unabeba mchanga. Masudi alikata upepo na mwamvuli wake, akatua katikati ya duara la chokaa, watu wakapiga vigelegele. Mimi wangu ulisimama angani kama umegoma. Nikaona duara silifikii. Ningeweza kulazimisha, nivute kamba kwa nguvu chini chini, nijaribu bahati. Mbele yangu palikuwa na zabibu na nguzo zake, kushoto shamba la uwele lililovunwa. Nikaenda kushoto nikiwa bado juu, taratibu, nikatua kwenye mabua. Hapo ndipo nilipochubuka.

Bibi mmoja Mgogo mwenye shamba akasimama na jembe lake. "Wewe! Unashuka shambani kwangu bila hodi?"

"Shikamoo bibi. Nisamehe, upepo."

"Marahaba. Ondoa shuka lako, mbuzi wangu wamekimbia."

Niliporudi, watu walikuwa wanashangilia: "Sabuni imeteleza! Sabuni imeteleza!" Bwana wa sabuni hakucheka. Alimwambia Afande kwenye onyesho la mjini anataka wanaotua kwenye chokaa. Afande akaniita mbele ya wote: "Chukua uliochongwa, au ubaki kukunja."

"Nabaki kukunja."

Masudi akasema, "Anaogopa huyu."

"Ndiyo, naogopa," nikamjibu. "Nina mtoto. Wewe una nani?"

Akainama kukusanya kamba zake. Sikufurahi kumwambia hivyo, lakini nilimwambia.

Hayo ndiyo yaliyonipata. Hakuna aliyekufa, kwa hiyo sina cha kukuonyesha kwamba nilikuwa sahihi. Ungeniona mwenye akili zaidi kama Masudi angevunjika? Yuko mzima, na ule mwamvuli wake naukunja mimi kila siku kwa uangalifu uleule. Afande naye hasira zimeshuka. Jumamosi kukiwa hakuna watazamaji ananiruhusu niruke na godoro langu. Amesema nikitua kwenye chokaa mara kumi mfululizo, tutazungumza habari za onyesho. Nimefikisha tatu. Na ule uliochongwa nao nitauweza siku moja, siyo sasa.

Kwa hiyo usiniandikie tena kwamba nacheza na roho yangu. Nilichagua kuchekwa na uwanja mzima nikimfikiria Tekla. Wewe umechagua jina lako mwenyewe.

Nisalimie wifi anayelala na mwanangu kitanda kimoja, mwambie namshukuru kwa dhati. Shangazi Velonika anayemsuka nywele, mwambie asikaze sana, kichwa cha yule mtoto kinauma upesi.

Mama msomee maneno haya kama yalivyo, usipunguze. Mama, nimepewa vipande vya mwamvuli wa zamani, vyepesi vya buluu, na namshonea Tekla gauni la kusafiria kwenye treni. Nimeuliza dukani, wananiambia mtoto wa miaka saba ni namba fulani. Namba siitaki. Msimamishe mlangoni, mama, mpime kwa uzi kutoka begani hadi gotini, ukate, uweke kwenye bahasha. Kaka aufunge na kuutuma yeye mwenyewe.

Kaka, uzi ukifika nitajua mtoto anakuja kwangu kabla ya Januari. Usipofika, nitapanda treni nije kumpima kwa mikono yangu.

Mdogo wako,
Skolastika, Mama Tekla