Watoto wa Tata

Baba yangu, uliyenifundisha kushuku,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mlangoni kwetu Kerende, nimekaa mahali ninapoliona shamba lote. Tangu dhahabu ionekane kwa jirani, watu wamechimba mpaka kwenye mpaka wetu, na mahindi yetu yamekuwa meupe kwa vumbi la mawe.

Unakumbuka jioni ulizokuwa ukiandaa somo la Wamongoli? Kabla ya wanafunzi wako, ulitufundisha sisi jikoni, mama akisonga ugali. Ulitusimulia jinsi Khan, mfalme wao wa kwanza, alivyofiwa na baba akiwa mdogo, ukoo ukahama na mifugo, ukamwacha mama yake na watoto nyikani.

"Ukoo wote?" mama aliuliza. "Hakuna hata shangazi mmoja?"

"Hata mmoja."

"Basi hao hawakuwa watu."

Ulicheka sana. "Mama Bhoke, mtoto huyohuyo na wanawe ndio waliokuja kutawala kutoka Uchina mpaka Urusi."

Mimi nilipenda hila yao ya vita. Katikati ya mapigano waligeuza farasi na kukimbia kama waoga. Adui aliacha ngome yake, akawafukuza kwa shangwe, na kule mbali wakamgeukia kwa mishale. "Bhoke," uliniambia, "mtu akikuachia uwanja ghafla, usishangilie. Jiulize anataka utoke wapi." Ukaongeza kwamba baadaye wajukuu wa Khan waligombania urithi mpaka himaya ikavunjika vipande.

Ulijua hayo yote. Ndiyo maana siielewi siku yako ya mwisho, hospitalini Mugumu. Mimi nilikuwa chuoni. Mama na baba mdogo walisimama kando ya kitanda. Wewe uliyetulea kwa Kiswahili cha darasani, siku hiyo ulisema kwa Kikurya kwamba shamba la Kerende ni la watoto wa tata. Kisha hukusema tena.

Tata ni baba. Kama ulimwambia mama, watoto wa tata ni mimi na wadogo zangu. Kama ulimwambia mdogo wako, watoto wa tata ni ninyi wawili, watoto wa babu. Mama anasema ulikuwa unamtazama yeye. Baba mdogo anaapa ulikuwa unamtazama yeye. Wakati wa matanga hakuna aliyeuliza, kwa sababu shamba lilikuwa mahindi na mawe tu. Ugomvi ulianza na dhahabu.

Juzi jioni baba mdogo alikuja kutoka Mugumu, mpole kabisa.

"Shemeji, nimechoka kugombana. Shamba ni lenu. Twendeni kwangu mkapumzike kidogo, hili vumbi litakuua."

Mama alipiga kigelegele. Chai ilikuwa haijapoa, tayari alikuwa anakamata kuku wa kusafiri nao.

"Baba mdogo," nilisema, "shambani atabaki nani?"

"Si wapo kaka zako? Wanangu watalilinda."

"Kwa majembe au kwa sululu?"

Alicheka, akamgeukia mama. "Huyu kasoma mpaka anaogopa ndugu zake!"

Huenda ni kweli. Huenda amechoka kweli, na mimi siwezi tena kutofautisha huruma na mtego. Mama aliondoka jana na wadogo zangu. Akiwa ameshapanda gari aliniambia, "Baba yako alikuharibu na hao Wamongoli wake." Hakunipa mkono.

Leo asubuhi wana wa baba mdogo wamefika. Wamenisalimia vizuri, wameniletea samaki, wameuliza kama nalala vizuri. Sululu sijaziona. Ila wana gunia refu, wameliegemeza ukutani, na kila nikipita karibu mmoja wao anasimama. Samaki nimewapikia. Mimi sijala.

Baba, ulikuwa unamtazama nani? Mtu aliyesahihisha insha zetu kwa kalamu nyekundu alishindwaje kumalizia sentensi moja? Nimekulilia, sasa nakushuku hata wewe. Kama ulimtazama baba mdogo, basi mwizi hapa ni mimi, na hao vijana wanalinda mali yao dhidi yangu.

Lakini sitaki mama arudi akute shimo mahali pa mahindi yake. Wameniachia uwanja, baba, na mimi sitoki mlangoni. Wewe pumzika.

Mtoto wa tata,
Bhoke