Safu ya Kurudi ya Basi la Kibwezi

Jumamosi, Mutomo. Joto tangu alfajiri. Mawingu yalikuwepo lakini ni ya kudanganya, mvua hakuna.

Leo basi la Kibwezi limeanza. Nimelingoja tangu waliposafisha barabara, na kabla ya hapo nililingoja bila kujua kama litakuja. Wengine wanapenda mpira. Mimi napenda mabasi na magarimoshi: yameondoka saa ngapi, yamefika saa ngapi, nani amepanda wapi, dereva amebadilisha gia kwenye mlima gani. Nina madaftari saba ya mambo haya. Walimu wenzangu shuleni wananiita Ratiba, na sikatai.

Mpaka jana, mtu wa hapa akitaka kufika Kibwezi alipanda kwanza kwenda Kitui, akazunguka Machakos, akalala huko, ndipo akateremka na barabara ya Mombasa. Siku mbili, na Kibwezi yenyewe iko pale ng'ambo ya mto Athi. Sasa unaenda asubuhi na jioni umerudi.

Niandike ukweli hapa, maana nyumbani sikuusema.

Mke wangu Mwende aliniomba twende pamoja. Kwao ni ng'ambo ya Athi, kabla hujafika Kibwezi. Hajamwona mama yake kwa miaka minne, na mama huyo hajamwona mtoto wetu wa pili, msichana, ambaye kwa desturi yetu amepewa jina lake. Mwende alitaka tu ashuke pale kwao, mama amshike mtoto, halafu basi likirudi limchukue.

Nikamwambia nafasi zimejaa.

Hazikuwa zimejaa. Nilitaka kiti cha mbele kando ya dereva, mimi peke yangu na daftari langu, bila mtoto wa kulia wala nepi ya kubadilishwa. Nikaongeza kwamba kile kiti cha mbele ni cha mtu mmoja. Mwende alisema "haya", akanifungia viazi vitamu na chai kwenye chupa. Ningefurahi kama angenuna.

Basi limeandikwa mbele MWENDO WA SABURI. Tuliondoka saa moja na dakika kumi. Nilichora safu mbili, moja ya Kwenda na moja ya Kurudi, kwa sababu kwangu mtu hawezi kusema ameijua njia kama ameiona upande mmoja tu. Nikaandika: kutoka Mutomo, abiria kumi na wanne. Viti vitupu sikuvihesabu. Kawaida huwa navihesabu.

Sitajisumbua kueleza furaha yangu ya asubuhi, iko yote kwenye safu ya Kwenda. Ikutha watu walitoka dukani wakatupigia makofi. Darajani dereva alipunguza mwendo na basi zima likanyamaza, hata kuku. Athi ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Kibwezi tulifika saa nne na robo, na kama vile sikukuu haijatosha, garimoshi la mizigo likapita. Niliketi karibu na reli nikala viazi vya Mwende, nikahesabu mabehewa thelathini na moja.

Saa saba kamili tukageuza. Safari hii basi lilijaa, maana watu wa Kibwezi walikuwa wamesikia habari. Mimi bado nilikuwa kiti cha mbele. Kiti hicho hukaa watu wawili, lakini nilikuwa nimekaa katikati na kuweka chupa ya chai upande mmoja na kofia upande wa pili.

Saa saba na dakika arobaini tukasimama. Nilikuwa nimeinamia daftari. Nikasikia kondakta akisema, "Mwalimu, sogea huko, mama akae."

Nikainua macho.

Alikuwa mama mkwe wangu, mguu mmoja ndani ya basi, mwingine bado kwenye ngazi.

Kwetu Ukambani, mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawakai mahali pamoja, na majina yao hawatajiani. Tunaita nthoni, na ni heshima, si ugomvi. Ndiyo sababu hata binti yangu mwenyewe simwiti kwa jina lake. Namwita Kaveti, yaani kamwanamke.

Mama alijifunika leso usoni mara moja na kugeuka kando. Mimi niligeuza uso kwa dereva. Sasa twende wapi? Nyuma watu walikuwa wamesimama wamejaa, na ili nifike huko lazima nipite nikimgusa. Nikibaki, tutakaa goti kwa goti mpaka Mutomo.

"Mama, ingia, tunachelewa!" kondakta akasema.

"Hapana, mwanangu," mama akasema kwa sauti ndogo. "Endeni. Nitakuja siku nyingine." Akaanza kushuka.

Nyuma yangu mchungaji mmoja mwenye saa kubwa ya mkononi akasema, "Sisi tumeokoka, mambo haya tumewacha." Lakini yeye mwenyewe alikuwa anaangalia nje ya dirisha.

Kwa pembe ya jicho niliona kikapu cha mama. Kulikuwa na kibuyu, unga wa wimbi kwenye kitambaa, na kofia ndogo ya sufu, nyekundu, ya kusuka kwa mkono. Sikuhitaji kuuliza ni ya kichwa cha nani. Mama huyu naye alikuwa amelisubiri basi hili, na hakulisubiri kwa ajili ya gia.

Nikafanya kitu ambacho watu watakisimulia Mutomo mpaka nizeeke. Nilipanda juu ya kifuniko cha injini, nikapita juu ya magoti ya dereva, nikafungua mlango wake na kuruka nje. Nilitua kwa magoti.

"Wee Mwalimu! Umerogwa?" dereva akafoka.

Mwanamke mmoja ndani ya basi akamjibu, "Hajarogwa. Huyo ni mkwe wa watu. Endesha gari!" Basi lote likaangua kicheko. Nilisimama nikitazama kichaka, mgongo kwa barabara, mpaka mlio ukapotea.

Daftari nilikuwa nalo. Chupa na kofia vilikwenda Mutomo.

Chini ya safu ya Kurudi niliandika saa saba na dakika arobaini na nne, halafu nikabaki natazama mistari mitupu. Nilikasirika, sitaficha. Nilimkasirikia kondakta, nikayakasirikia mababu, nikamkasirikia hata mama wa watu. Kisha nikajiuliza: kama asubuhi ningekuja na Mwende, si mama angekuwa amekaa kwake, akiletewa mtoto mpaka mlangoni? Swali hilo lilinimaliza hasira.

Nilipata lori la mbuzi. Wamefunika turubai, kwa hiyo sikuona daraja, sikuona Ikutha, sikuona kitu ila mbuzi. Nilifika nyumbani saa kumi na moja jioni nikinuka beberu.

Kabla sijafika uani nilimsikia Mwende akicheka jikoni. Nilikuwa nimesahau kicheko hicho. Nikakohoa kwa nguvu ili ndani wajue nimekuja, nikaenda kukaa nyuma ya ukuta wa jikoni, mahali ambapo sionani na mtu.

Mwende akatoka mbio. "Baba Kaveti, Mwaitu amekuja!" Kwetu mwaitu ni mama. Kisha akanusa. "Na wewe, mbona mbuzi?"

Nikamweleza kwa kunong'ona. Kufika pale kwenye magoti ya dereva alikaa chini akashika tumbo. Akarudi ndani na kumsimulia mama yake. Halafu mama akaongea kwa sauti ya kufika nje, lakini akimwambia binti yake, kama nthoni inavyotaka.

"Mwende, kwenye barua zako uliniambia kuna mtu hapa anaandika habari za mabasi."

"Yuko, Mwaitu."

"Basi akionekana, umwambie darajani tulifika saa nane na robo. Mimi sina saa, nilimuuliza mchungaji kila tuliposimama mpaka akachoka na mimi. Ikutha saa tisa kasoro dakika kumi. Wakashuka watano, wakapanda wawili na jogoo. Kwenye mlima wenye mawe mekundu gari lililia sana, dereva akavuta kile kijiti mara mbili."

Kijiti mara mbili! Niliandika kila neno. Nimefunza jiografia miaka tisa na sijapata mwanafunzi aliyeniletea ripoti kama hiyo. Machozi yalinijia, na si ya moshi wa jikoni.

"Hapa Mutomo tukafika saa kumi na dakika tano," akaendelea. "Na nilikaa vizuri. Pale mbele kwa dereva ni nafasi ya watu wawili. Nilikaa mimi, na kikapu changu kikakaa kama mtu. Kondakta ananiambia asubuhi walitoka huku karibu nusu ya viti ni vitupu. Nikasema, aah, mbona basi hamkuniletea binti yangu?"

Kalamu yangu ikasimama.

Njia ya mwongo fupi. Yangu ilianza Mutomo, ikaenda Kibwezi na kurudi, ikaishia nyuma ya jiko langu mwenyewe siku hiyo hiyo. Na aliyeileta hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alikuwa ananisaidia.

Baadaye Mwende akatoka, polepole. Hakucheka, hakugomba. Alichukua daftari mkononi mwangu, akasoma mstari wa juu kabisa: kutoka Mutomo, abiria kumi na wanne. Hati yangu, wino wangu.

Nilimwambia, "Nilikudanganya. Nilitaka kwenda peke yangu."

"Nimeona," akasema. Akanirudishia daftari. "Mwaitu anarudi kwao Jumamosi ijayo. Nitamsindikiza na Kaveti. Nitakaa dirishani. Wewe utabaki na mkubwa, na utapika."

"Utaniandikia saa?"

"Nitaona," akasema, akaingia ndani.

Alinitumia chakula, hilo niliandike pia. Kwa ajili ya mgeni sitalala kwangu leo. Niko ofisi ya walimu, na meza mbili zilizounganishwa ndizo kitanda. Kupitia dirisha wazi nasikia nyumba yangu kule chini bado inaongea, na Kaveti halii, labda amevishwa ile kofia nyekundu kwenye joto hili lote.

Kabla ya kuzima taa nimefungua ukurasa mpya na kuchora safu mbili, Kwenda na Kurudi. Juu yake nimeandika jina la Mwende. Safu ya Kwenda akiiacha tupu nitavumilia.

Ya Kurudi naomba aijaze.